Gongo na Leseni ya 1966

Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, hujulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu. Lakini huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya bara, mtama wa shambani hauishii katika ugali tu. Sehemu yake huwa pombe, na sehemu ya pombe hiyo huchemshwa pipani, mvuke wake ukapozwa katika mrija upitao majini. Hiyo ndiyo gongo. Sheria huiita moshi.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza mambo ya Iramba yanamhusu nini. Yanamhusu, kwani ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini ni jambo la Muungano. Na tusidanganyane: gongo hupikwa Visiwani pia.

Hatuandiki haya kuutetea ulevi. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 ukakataza hata kuitengeneza. Watawala walidai kwamba wanamlinda Mwafrika. Wiski yao wenyewe haikuguswa. Katika Tanganyika Mwafrika alizuiliwa pombe kali hadi miaka ya 1950. Basi gongo ikapikwa porini, na mpishi mara nyingi alikuwa mwanamke asiye na zao jingine la kumpatia fedha taslimu.

Uhuru ulileta fikra bora zaidi. Sheria ya Moshi ya 1966 haikufunga mlango kabisa, bali ilidai leseni. Jirani zetu wa Uganda walikwishashika njia hiyo: wapishi wa enguli wenye leseni waliiuza kiwandani, nako ikasafishwa na kuwa Uganda Waragi. Kwetu Konyagi ilipata kiwanda na jina, ikalipa kodi na kuheshimiwa. Mpishi wa kijijini aliendelea kukamatwa. Yeye hulipa faini, au hufungwa, na watoto wake wakakosa ada.

Kenya iliipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010, baada ya miaka thelathini ya kukimbizana nayo bila kuimaliza. Hatari kubwa ya gongo ni kupikwa gizani, pasipo mtu wa kuipima. Methanoli hupofusha na huua, na mnywaji hana namna ya kuitambua.

Ni maoni yetu kwamba vikundi vya wapishi viandikishwe, pombe yao ipimwe, kisha iuzwe kwa viwanda vyenye uwezo wa kuisafisha, na ushuru ulipwe huko. Hayo hayahitaji fikra mpya. Kwa kuanzia, wizara inayohusika iwatangazie wananchi ni leseni ngapi za moshi zimepata kutolewa tangu 1966, katika wilaya zipi, na kwa nani.