Nilikosea Kuhusu Rimu za Kaboni

Wasee, leo naanza kwa kuomba msamaha.

Miezi kadhaa iliyopita niliweka hapa picha ya baiskeli yangu ikiwa na rimu nyeusi za kaboni. Nikaandika kwamba anayepanda milima na rimu za alumini anajichelewesha bure. Picha ilipendwa sana. Juzi kijana mmoja wa Rongai akaniandikia. Aliuza simu yake akanunua zilizotumika kama zangu, na ya nyuma ikapasuka akishuka Ngong Hills. Alitembea na baiskeli begani hadi barabarani.

Manze, niliumia. Kuna kitu sikuwa nimewaambia: hata zangu zilikuwa zimetumika, nilizipata kwa muuzaji wa mtandaoni, bila risiti wala waranti. Nikazipeleka kwa fundi. Akatoa tairi, akafuta vumbi, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele karibu na tundu la spoki. Na hiyo kitu nimekuwa nikiiendesha kila Jumamosi!

Sisemi kaboni ni mbaya. Ni nyepesi, ngumu, na haipindi ovyo. Lakini alumini ikigonga jiwe hubonyea, unaona, fundi anainyoosha kidogo na unafika nyumbani. Kaboni inaweza kuumia ndani ukaiona bado inang'aa, halafu siku moja inapasuka. Ndiyo maana msimamo wangu sasa ni huu: rimu ya kaboni iliyotumika, isiyo na historia wala waranti, si bei nafuu. Ni kamari.

Halafu bei ya rimu si bei ya gurudumu. Ongeza spoki mpya, utepe wa ndani na kazi ya fundi. Ukiagiza kutoka nje, ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya 16%. Piga hesabu yote kabla ya kutuma doo.

Kama bado unataka mpya, angalia haya:

Kipenyo. Rimu ya 29 ni milimita 622 pale tairi inapokaa, ya 27.5 ni 584, ya 26 ni 559. Haziingiliani. Kama baiskeli yako ni ya mtumba ya 26, jua kwamba kaboni mpya ya saizi hiyo ni adimu.

Matundu. Habu ya matundu 32 inataka rimu ya 32. Ya 28 inataka 28. Hapo hakuna kubahatisha.

ERD. Hiki ni kipimo cha rimu ambacho fundi hutumia kujua urefu wa spoki. Kikitofautiana na cha rimu ya zamani kwa milimita chache tu, spoki zako zinaweza kukosa kutosha.

Upana wa ndani. Karibu milimita 30 unafaa tairi za inchi 2.4 hadi 2.6, zile wengi wetu tunatumia kwa mawe.

Breki. Kama baiskeli yako inabana rimu, achana na rimu zilizotengenezewa breki za diski. Hazina sehemu ya kubanwa.

Waranti. Soma kama inahusu rimu iliyovunjika ukiendesha, na nani analipa usafiri wa kuirudisha. Kampuni ikiwa mbali sana, usafiri huo unaweza kumaliza faida yote.

Na kama doo inatosha rimu moja tu, weka kaboni mpya mbele, nyuma ubaki na alumini nzito kidogo. Gurudumu la nyuma ndilo hubeba uzito mwingi na kupigwa na mawe zaidi. Kama haitoshi hata moja, nunua alumini mpya nzuri na usione aibu. Tofauti ya uzito kwa rimu moja mara nyingi haifiki hata robo kilo. Hakuna mtu ameachwa na wenzake kwenye mlima kwa sababu ya hiyo peke yake. Ukiachwa, buda, ni miguu. Hata mimi ni miguu.

Yule kijana wa Rongai nimempa rimu zangu za zamani za alumini. Matundu ni 32 kama ya habu yake, na fundi amezifunga kwa spoki mpya nilizolipia. Simu yake siwezi kuirudisha.

Na ile rimu yangu yenye ufa? Nikiwa bado kwa fundi, jamaa mmoja aliniuliza kama naiuza. Ukiiangalia kwa mbali bado ni safi, na pesa nilikuwa naihitaji. Nilimwomba fundi msumeno, nikaikata vipande viwili palepale.