Dawa ya EBV ikija, mtoto wa Kisumu awe kwenye foleni

Wewe unayesoma hapa, karibu hakika uko na virusi vya herpesi mwilini. Tulia, usianze kumwangalia mpenzi wako vibaya. Siongelei vile vya malengelenge ya sehemu za siri. Naongelea Epstein-Barr, EBV kwa kifupi, binamu wa ukoo huohuo. Watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanavyo. Hupitia mate. Pengine ulivipata ukiwa mtoto, mkipokezana kikombe na ndugu zako, na hukuhisi chochote. Vikishaingia havitoki. Vinajificha kwenye seli B, zile seli za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, na hapo ndipo kwao maisha yako yote.

Kwa wengi wetu hiyo si shida. Shida ni kwa wachache, na hao wachache wengine wako hapa kwetu. Ukienda ukanda wa ziwa, ambako malaria imeshika, kuna saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt. Taya la mtoto linafura, meno yanalegea, na uvimbe unakua kwa kasi ambayo saratani chache sana zinaweza kuifikia. EBV iko ndani ya hiyo hadithi. Malaria huchokoza seli B kila mara, EBV imekaa humohumo, na siku moja seli moja inaharibika na kuanza kuzaana bila breki.

Na sasa hii ndiyo sehemu inayoniudhi, kwa hivyo nivumilie. Hivi virusi vilijulikana kupitia watoto wa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe huu 1958. Mwaka wa 1961 alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein akawa kwenye ukumbi. Wakakubaliana sampuli za uvimbe ziwe zinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege moja ilikuta ukungu London, ikapelekwa Manchester, na sampuli ikachelewa kufika. Maji yake yalikuwa yamechafuka, mtu angedhani imeoza. Kumbe ni seli za uvimbe zilikuwa zimejiachilia na zinaelea, hai. Kutoka hapo seli zikakuzwa, na 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Jina likabeba Epstein na Barr. Achong aliachwa nje. Mtoto mwenye uvimbe, hata usiulize.

Ruka miaka sitini. Sina digrii, chuo nilikiacha katikati, lakini hii sayansi si ngumu vile wanavyoifanya ionekane. Fikiria matatu iliyojaa. EBV inataka kuingia kwenye seli B. Ina mkono unaoitwa gp350, ambao unashika chuma cha mlango. Halafu kuna gp42, ambayo inageuza kufuli, na nyingine mbili zilizoshikana, gH/gL, zinazosaidia mlango kufunguka. Kingamwili nzuri ni ile inayoenda kukalia mkono au kufuli kabla gari halijapandwa. Virusi vinabaki stejini.

Shida ilikuwa kuzipata kingamwili za namna hiyo ambazo mwili wa mtu utazikubali. Tangu miaka ya 80 kulikuwa na moja nzuri ya kuzuia gp350, lakini ilitoka kwa panya, na mwili wa binadamu huona kitu cha panya kama mgeni na kukipiga vita. Mwaka wa 2018 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, walieleza kuhusu AMMO1, kingamwili waliyoitoa kwenye damu ya mtu aliyekuwa na EBV. Inakalia gH/gL, kwa hivyo inafunga milango miwili: ule wa seli B na ule wa seli za kooni. Wenzao wengine Marekani wakapata za kukalia gp42. Hivi karibuni wametumia panya waliowekewa jeni za binadamu za kutengeneza kingamwili, ili kinachotoka kwa panya kiwe tayari kinafanana na cha mtu. Kwenye maabara zinafanya kazi, na kwa wanyama baadhi zimezuia maambukizi.

Safi kabisa. Sasa uliza zinalenga nani.

Wanaotajwa kwanza ni wagonjwa wa kupandikizwa figo au uboho, hasa watoto ambao hawajawahi kupata EBV na wanapewa kiungo cha mtu aliye nayo. Dawa za kutuliza kinga zinaviachilia virusi, na saratani inaweza kufuata. Ni haki yao, sina neno. Lakini angalia chanjo pia. Jaribio la chanjo ya EBV la taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, lililoanza 2022, lilichukua watu wa miaka 18 hadi 29. Kule kuna vijana wengi wanaofika chuo bila EBV, wakipata wanalala kitandani wiki kadhaa na koo limevimba, na utafiti mkubwa wa 2022 kwa wanajeshi wao uliihusisha na ugonjwa wa neva wa sklerosisi. Kwao hiyo hesabu inaingia.

Kwetu haingii. Utafiti uliochapishwa 2012 ulifuata watoto wachanga wa Kisumu na Nandi. Kisumu, zaidi ya thuluthi moja walikuwa wameshapata EBV kabla ya miezi 6. Nandi, ambako malaria si kali hivyo, ni kama mmoja kati ya wanane. Miezi sita, mtu wangu! Hajaanza hata kutambaa. Ukimletea chanjo akiwa na miaka 18 unafunga mlango mwizi akiwa sebuleni anatazama TV.

Ndiyo maana nadhani hizi kingamwili zina maana kwetu kuliko Seattle. Sindano moja kwa mtoto mchanga, kinga ya mama inapoanza kuisha, isogeze mbele siku ya maambukizi. Na si ndoto. Siaya watoto wameshadungwa kingamwili ya malaria kwenye majaribio. Homa Bay ilianza kutoa chanjo ya malaria Septemba 2019. Mama wa huko anajua kliniki kuliko wewe na mimi.

Kuna pingamizi la maana, na nalikubali. Kumchelewesha mtoto kupata EBV kunaweza tu kumsukumia ugonjwa ujanani, na bado hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kuchelewesha kunapunguza Burkitt. Halafu kuna bei. Hizi dawa si za kununua kwa M-Pesa ukiwa na salio la chai. Lakini hayo ni maswali ya kujibiwa kwa majaribio hukuhuku ziwani, si sababu ya kutoyafanya. Kumbuka kwamba sampuli za Kampala hazikuambiwa zingoje.

Kwa hivyo ukikutana na habari ya jaribio la dawa ya EBV, pitia picha za maabara na maneno matamu, tafuta umri wa washiriki. Na ukipata nafasi ya kumuuliza mbunge wako au mtu wa wizara kitu kwenye X, uliza hicho. Wakikuambia ni kuanzia miaka 12 kwenda juu, ujue haijatengenezwa kwa mtoto wa Nyalenda.