Majina nyuma ya picha

Juma hili tuongee juu ya picha za zamani na safari za wazee wetu.

Kati ya mwaka 1898 na 1900, François Michel alipiga picha nyingi Katanga, katika msafara wa Charles Lemaire. Gari la moshi halikuwa bado. Lilifika Elisabethville, Lubumbashi yetu ya leo, mwaka 1910. Mizigo ya msafara ilibebwa na wapagazi. Mwana wa mji wetu, Sammy Baloji, amefuata nyayo za msafara ule na kamera yake, na picha zile zimeonwa tena.

Jina la mkubwa wa msafara tunalijua. La mpiga picha pia. Lakini wale waliobeba masanduku, wengi hatujui waliitwa nani.

Nyumbani mwetu ni vile vile. Mtoto anaona picha ya babu na kinga yake, au ya mama na beseni kichwani, anauliza: huyu nani? Kama bibi ameshatutoka, nani atajibu?

Basi tusingoje. Tukae na wazee, tuulize: ni nani, wapi, mwaka gani, alibeba nini? Tuandike nyuma ya picha, pembeni, kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza.

Na picha za leo, za wamama wa soko na vijana wanaosukuma makala kwa kinga, tuziandike majina sasa. Nao ni wazee wa kesho.