Kanisa lapanda miti, Serikali yapanda majukwaani!

MSOMAJI, kama uliwahi kulala bweni katika shule ya serikali, huhitaji kuelezwa habari za moshi wa jikoni alfajiri, wala maharage yanayotokota tangu asubuhi na mchana bado ni magumu. Mwandishi wa maneno haya alilala huko. Kila Jumamosi tulipangwa mstari, tukapewa panga moja kwa watu wanne, tukaelekezwa mlimani. Hakuna kuni, hakuna ugali. Tulipomaliza kidato cha nne mlima ule ulikuwa kipara, na hakuna siku hata moja tuliyopewa mche tukaambiwa chimbeni shimo.

Ng'ambo ya bonde ilikuwapo shule ya bweni ya kanisa, wavulana na wasichana pamoja. Nao walipika kwa kuni, lakini kuni zao walizipanda wenyewe. Kila darasa lilikuwa na shamba lake la miti, na kila mwanafunzi alikuwa na miche yake; ukikauka, unapanda mwingine. Mvulana alibeba ndoo ya kumwagilia sawasawa na msichana, na hakuna aliyethubutu kusema hiyo ni kazi ya kike. Walifundishwa kwamba Adamu hakupewa bustani aimalize, bali alikabidhiwa kama mlinzi.

Sasa tuulizane, kijana mwenzangu: nani aliyebuni jambo hili? Si kanisa peke yake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba na mwanafunzi ajue kazi ya mikono. Ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule za madhehebu zikataifishwa ili mtoto wa Kitanzania asizuiwe mlangoni kwa sababu ya dini yake. Lengo lilikuwa jema na hatuligombi. Tunachogomba ni kilichofuata. Katika shule nyingi shamba liligeuka adhabu ya wachelewaji, kisha likageuka pori. Mwaka 1992 serikali hiyo hiyo ikakaa meza moja na makanisa, ikatia saini hati ya makubaliano juu ya huduma za elimu na afya. Aliyenyang'anya akarudi kubisha hodi!

Na leo? Nenda kwenye shule nzuri ya kanisa siku ya kufungua muhula, uhesabu mashangingi getini. Kigogo anayeimba jukwaani kwamba elimu ya umma imeboreshwa, mwanawe anateremsha sanduku huko. Wa kwako na wa kwangu wako mlimani na panga.

Pengine utasema: mimi niko Manzese, kuni za bweni zinanihusu nini? Zinakuhusu. Kumbuka Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgawo. Uliamka usiku wa manane na madumu. Ruvu hautoki bombani, unatoka milima ya Uluguru. Msitu ukikatwa kule juu, mvua inateremka na udongo kwa siku moja, halafu kiangazi mto hauna akiba. Panga la mlimani linakata mpaka bomba lako.

Kule Kaskazini wameliona mapema. Askofu Fredrick Shoo, aliyechaguliwa kuwa Mkuu wa KKKT mwaka 2015, watu walimpachika jina la Askofu wa Miti kwa jinsi alivyohimiza upandaji miti kuzunguka Kilimanjaro. Hata vijana wa kipaimara wakashikishwa miche. Hawakuwa wanacheza: wataalamu walipima barafu ya mlima ule wakakuta kati ya 1912 na 2007 imepungua kwa asilimia 85 hivi. Mti peke yake hauirudishi barafu, lakini unalinda chemchemi zilizobaki.

Serikali nayo imetoa agizo: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, mwisho Januari 2024. Mei mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia hadi 2034. Maneno matamu. Lakini mkuu wa shule haujazi mtungi wa gesi kwa hotuba. Agizo lisilo na fungu ni kumwambia mpishi achague kati ya kuvunja amri na kulaza watoto njaa.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kila shule ya kanisa ni pepo. Nyingine ada yake ni ya kumfukuza mlalahoi kabla hajafika getini, na kanisa linalohubiri maskini lijiulize hapo. Wala hatusemi Mwislamu akasome kwa padri. Mche haubatizwi wala hausilimu; shule yoyote inaweza kuupanda.

Tunachodai ni hiki. Kila shule ya bweni ya umma ipimiwe ardhi ya miti, na hati yake isiguswe na wagawa viwanja. Fedha za majiko na gesi ziandikwe kwenye bajeti tuzione. Kazi ya shamba iwe somo, isiwe adhabu wala utumwa wa Jumamosi. Na diwani anayekuja kukuomba kura, muulize: sekondari ya kata yako inapikia nini?

Akikujibu kwa wimbo na fulana, ujue huyo naye amezoea kupanda majukwaa tu. Mteremshe kwa kura.