Mwamba wa Nyero Si Kokoto

Katika mji wa Buġibba, ufukweni mwa kisiwa cha Malta, yapo mabaki ya hekalu la mawe makubwa lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Leo mabaki hayo yamo ndani ya uwanja wa hoteli. Huenda ukauliza: Malta yatuhusu nini sisi wa Masese? Yatuhusu, kwa kuwa nasi tunayo mawe yenye heshima ya namna hiyo, na bado hatujakata shauri ni nani mwenye kuyatunza.

Toka Mbale uelekee Kumi. Kilomita chache kutoka mji huo utaikuta miamba ya Nyero. Hapakujengwa ukuta pale. Hekalu ni mwamba wenyewe. Chini ya vivuli vyake watu wa kale walichora, kwa rangi nyekundu na nyeupe, miduara ndani ya miduara na maumbo yafananayo na mitumbwi. Vizazi vilivyofuata vilipafanya mahali pa kuombea mvua. Tangu 1997 Nyero imo katika orodha ya awali ambayo Uganda iliiwasilisha UNESCO.

Lakini mwamba, machoni pa mwenye njaa, ni kokoto. Simlaumu mponda mawe. Kumhubiria habari za urithi mtu asiye na chakula, bila kumwonyesha riziki nyingine, ni kutwanga maji kinuni.

Katiba yetu ya 1995, katika lengo la taifa la 25, inaukabidhi ulinzi wa urithi kwa dola na kwa raia pamoja. Basi dola iweke mipaka iliyo wazi kuzunguka kila mwamba wenye michoro, na sehemu ya kiingilio ibaki kwa wanakijiji wanaoulinda. Nasi raia tuwapeleke watoto wetu wakaione, na tuliulize jambo hili katika vikao vya LC1.

Sisi wa Jinja twajua gharama ya kupoteza. Maporomoko ya Bujagali, mahali patakatifu kwa Wasoga, yamefunikwa na maji ya bwawa. Tulipata umeme, na hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo, uamuzi ule ulijadiliwa kwa miaka mingi. Mwamba unaovunjwa kwa nyundo, jiwe baada ya jiwe, haujadiliwi na mtu. Je, msomaji, tukishaugeuza kokoto, tutamwuliza nani?