MAONI YA WANANCHI YAJIBIWE

ZAMANI mwananchi aliyekuwa na shida na Serikali alijua pa kwenda. Alikwenda ofisini, akasimama mbele ya dirisha, akamkuta karani. Huenda karani huyo alikuwa mkali, na huenda neno lake lilikuwa lile lile la "njoo kesho". Lakini alikuwa mtu mwenye masikio, na mwananchi aliweza kumwambia papo hapo kwamba hakuridhika.

Leo huduma nyingi za umma zimehamia katika mifumo ya kompyuta na simu. Sisi hatuna ugomvi na mabadiliko hayo. Mvuvi wa Jibondo, ambaye kwa ajili ya karatasi moja humbidi avuke hadi Kilindoni, avuke tena hadi Nyamisati, kisha ashike njia ndefu mpaka Kibaha, makao makuu ya Mkoa wetu wa Pwani, ana kila sababu ya kuyafurahia. Lakini hatuna budi kujiuliza: pale mfumo unapomkosea, mvuvi huyo anamwambia nani?

Hapo ndipo inapoonekana haja ya kila mfumo wa Serikali kuwa na mahali pa mtumiaji kutoa maoni yake. Mahali hapo si pambo. Ndilo dirisha jipya badala ya lile la zamani, na mfumo usio nalo ni ofisi isiyo na mtu ndani. Aidha, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu aliyeutengeneza mfumo akiwa mjini hawezi kuzijua kasoro anazokutana nazo mkulima wa Janga mwenye simu ndogo na mtandao wa kubahatisha.

Atakayedhani kwamba jambo hili limeletwa na kompyuta atakuwa amekosea. Mwaka 1966 nchi yetu iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyokuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika, na wajumbe wake walisafiri mikoani kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na dharau ya viongozi kwa watu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi yake. Ibara ya 18 ya Katiba nayo inatambua uhuru wa kila mtu kutoa mawazo yake.

Kwa hiyo tunaipongeza Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa mfumo wake wa e-Mrejesho, unaompa mwananchi nafasi ya kupeleka malalamiko, maoni, pongezi au maulizo kwa taasisi ya umma. Ndugu zetu wa Zanzibar nao wamekuwa na mfumo wao wa Sema na Rais Mwinyi. Hizo ni hatua za kweli.

Hata hivyo, kufungua mlango ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kumkaribisha aliyebisha hodi. Nani kati yetu hajaliona lile sanduku la mbao lililotundikwa ukutani, limeandikwa "Maoni", lina kufuli lenye kutu, wala hakuna ajuaye ufunguo uko kwa nani? Tusipoangalia, tutalitoa sanduku hilo ukutani na kuliingiza katika kompyuta pamoja na kutu yake.

Sisi tunaona mambo matatu ni ya lazima. Kwanza, jibu. Kila oni lipewe namba, afisa mwenye dhamana nalo, na muda wa kulishughulikia. Jibu la "haiwezekani, kwa sababu hii" lina heshima kuliko kimya. Na swali lililoulizwa na wengi lijibiwe hadharani, ili mtu wa mia moja asilazimike kuliuliza upya.

Pili, hifadhi. Kisiwani watu wanajuana. Malalamiko juu ya mtendaji yakirudishwa mezani kwa mtendaji huyo huyo, jina la mlalamikaji likiwa juu yake, basi kijiji kizima kitajifunza kunyamaza. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuizingatia katika jambo hili ni wajibu.

Tatu, kufikika. Mahali pa maoni panapomtaka mtu awe na simu ya gharama na fedha za kifurushi ni mahali pa wachache. Mzee asiyejua kusoma asikilizwe katika mkutano wa kijiji, maneno yake yaandikwe na kuingizwa katika mfumo yakiwa na uzito ule ule. Isiwe kwamba kwa kuwa kuna mfumo, mikutano imekufa.

Wapo maofisa wanaosema kwamba ukiwafungulia watu mlango utaletewa matusi na fitna. Hatukatai kwamba hayo hutokea. Matusi yaondolewe. Lakini ukali si tusi, na anayeamua lipi liondolewe asiwe yule anayelalamikiwa.

Wala maoni hayapimwi kwa wingi wa vichwa peke yake. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta takriban watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Bado Tume ilipima uzito wa hoja za wale wachache, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kama sauti chache zilisikilizwa katika jambo kubwa kiasi hicho, sauti moja ya Jibondo kuhusu ankara iliyokosewa haiwezi kuwa ndogo mno.

Tunawaomba wakuu wa taasisi, kabla ya kutangaza mfumo wowote mpya, waulize ni nani atakayesoma maoni na atajibu lini. Nanyi wananchi, semeni, tena semeni kwa ushahidi. Serikali isiyojibu huwafundisha watu wake kunyamaza, na watu walionyamaza si watu walioridhika.