Kizuri hakikosi ila, basi nionyeshe ila yake

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Nilikuwa mkoani kikazi, na niliporudi Dar nikakuta viporo vya kazi vimejaa mezani. Leo naomba niwaache wanasiasa wapumzike, nizungumzie gitaa. Msicheke. Mkifika mwisho mtaona kwamba sijaenda mbali sana na mambo ninayoyaandika kila siku.

Jumamosi iliyopita mshikaji wangu mmoja niliyesoma naye Mlimani, ambaye sasa yuko Ujerumani anachukua shahada ya uzamili, alikuja likizo na akanibebea gitaa. Ni jipya kabisa, lakini nililipia euro 129 badala ya 169 kwa sababu limetoka kiwandani na kasoro. Duka liliandika waziwazi kwenye tangazo: vanishi ina alama ubavuni, sauti haijaguswa. Nilipolitoa kwenye boksi nikaanza kuitafuta hiyo alama kama mhariri anayetafuta kosa la chapa kwenye ukurasa wa kwanza. Ilinichukua dakika kadhaa kuiona. Ni tone la vanishi lililogandia pale, ukubwa wake kama punje ya mchele.

Mama akaja, akaangalia, akauliza: "Yaani mwanangu umemtuma mtu Ulaya akuletee kitu kibovu?"

Ni swali la haki kabisa, na jibu lake linaanza miaka minne nyuma.

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza gazetini, nilimnunulia mdogo wangu gitaa. Alikuwa kidato cha kwanza, na nyumba nzima ilikuwa imechoka kumwona akipiga gitaa la fimbo ya ufagio mbele ya kioo. Nikaingia duka moja hapa mjini. Muuzaji alikuwa mchangamfu, akanisifia kwamba mimi ni kaka wa kuigwa, akanitolea gitaa jeusi linalong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Nikalipa laki mbili na themanini, bei kamili, bila punguzo. Risiti ilikuwa na ile sentensi yetu maarufu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Dogo alihangaika na lile gitaa miezi sita. Vidole vilivimba. Nyuzi zilikuwa juu mno, kuzibana ilikuwa kazi ya kubeba zege. Alikuwa akilityuni vizuri, uzi mmoja mmoja, lakini akianza kubana nyuzi karibu na tumbo la gitaa, sauti zinagombana. Mwalimu wa kwaya akamwambia sikio lake ni zito. Dogo akakubali. Akaliweka juu ya kabati, akahamia kwenye mpira, na hata huko hakuwa na raha sana.

Mwaka jana mpigapicha mmoja wa gazetini kwetu, ambaye usiku hupiga gitaa kwenye bendi ya hoteli, alipita nyumbani. Akaliona lile gitaa juu ya kabati, akalishusha, akalipangusa vumbi. Kabla hajapiga hata uzi mmoja alilielekeza jichoni kama mtu anayelenga bunduki, akaguna. "Kaka, shingo ya hili gitaa imepinda kama upinde. Na hizi freti hazikuwekwa sawa. Hata Mbaraka Mwinshehe angefufuka asingeweza kulipiga."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alichosema ni hiki tu: "Kwa hiyo sikuwa mimi?"

Jamani, nimeripoti ajali, nimeripoti bomoabomoa, lakini swali lile lilinikaa kooni. Mtoto aliishi miaka mitatu akiamini ana kasoro, kumbe kasoro ilikuwa kwenye mbao, na mimi ndiye niliyeilipia pesa taslimu.

Tuelewane sasa kuhusu hizi bidhaa zenye kasoro. Gitaa ni mbao, gundi, waya na vanishi, na kiwanda chochote kinachotengeneza maelfu yake kitatoa machache yaliyokosewa. Vanishi inaweza kuchuruzika, ubao ukawa na kifundo, rangi isilingane na ile ya kwenye picha, au boksi likaanguka kona ikabonyea. Mengine mnunuzi aliyafungua, akayakataa na kuyarudisha dukani. Hayawezi tena kuuzwa kama daraja la kwanza, kwa hiyo yanashushwa bei. Thomann, duka kubwa la vifaa vya muziki lililoko Treppendorf, Ujerumani, lina kundi zima la bidhaa za namna hii, wanaziita B-Stock.

Gibson ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa Kalamazoo, Michigan, mwaka 1902, ilikuwa na utaratibu ninaoupenda zaidi. Gitaa likikutwa na dosari ya umbo au rangi, waligonga muhuri nyuma ya kichwa chake, karibu na namba ya usajili: 2, au 2ND. Yaani la pili. Alama inazama ndani ya mbao. Hata likibadilisha mikono mara kumi, anayefuata akiligeuza atasoma. Wapo wapigaji wanaoyatafuta hayo hayo yenye muhuri, kwa sababu sauti ni ileile na bei imepungua.

Na kuna kasoro ambazo hazistahili kuuzwa kwa bei yoyote. Mwaka 2019 ilisambaa video ya mashine nzito ikipita juu ya mamia ya magitaa ya Gibson aina ya Firebird X na kuyasaga. Watu walilia sana: si wangewapa watoto mashuleni? Kampuni ikajibu kwamba yale yalikuwa magitaa ya kati ya 2009 na 2011, hayatengenezeki tena na yana vipuri visivyo salama. Unaweza kubishana nao kuhusu kila gitaa mojamoja. Lakini mstari wenyewe ni sahihi. Dosari ya sura unaiuza kwa punguzo na unaitaja. Dosari inayoharibu kazi au inayomdhuru mtumiaji huiuzi kabisa.

Sasa najua kuna msomaji ameshakunja uso. Atasema: "Wewe kijana, hao wazungu wanatugeuza jalala, na wewe unashangilia?" Hoja hiyo naiheshimu. Tumevaa mitumba yao, tumetumia friji zao zilizochoka, na kompyuta zao zilizokufa tunazichoma moto nyuma ya nyumba. Lakini nauliza, lile gitaa jeusi lililomwonea mdogo wangu liliuzwa kama nini? Liliuzwa kama jipya, daraja la kwanza, kwa bei kamili. Hili la punje ya mchele ndilo lililokuja na jina lake halisi. Kati ya haya mawili, lipi limenifanya jalala?

Huo ndio msimamo wangu leo. Kitu chenye kasoro hakinidhalilishi mradi nimeambiwa na nimepunguziwa. Kinachonidhalilisha ni mtu kuijua kasoro, akaipaka rangi, akanitazama usoni na kunisifia kwamba mimi ni kaka wa kuigwa. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Wauzaji wetu wameuchukua msemo huo kama kinga. Ukilalamika wanakujibu "hakuna kitu kisicho na kasoro, bosi". Ni kweli kabisa, lakini kama unaijua ila yake, kwa nini bei haiijui?

Na bei ndogo nayo si aibu. Wazee wetu wa muziki mpaka leo gitaa kavu huliita galatoni. Jina hilo limetokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini, yakaenea huku kwetu. John Lennon wa Beatles naye alianza na Gallotone mwaka 1957, na mwaka 1999 gitaa lile liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni 150,000. Kwa hiyo usione haya kuanza chini. Ona haya kununua bila kukagua, kama nilivyofanya mimi.

Kwa faida ya wale wanaotaka kununua gitaa la punguzo, au hata la bei kamili, haya ndiyo niliyofundishwa na yule mpigapicha.

Kwanza, lenga shingo kama bunduki, kuanzia kichwani kuelekea tumboni. Mpindo mdogo sana ni wa kawaida, na magitaa mengi yana chuma ndani ya shingo kinachoweza kukazwa ili kuurekebisha. Lakini ikiwa shingo imejisokota, upande mmoja unatazama juu na mwingine chini, rudisha pale ulipolitoa.

Pili, bana kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, na usikilize. Muuzaji akikasirika kwamba unachelewesha wateja, hilo nalo ni jibu. Uzi ukizizima kama nyuki mahali pamoja, freti mojawapo imeinuka.

Tatu, nenda kwenye freti ya 12. Hapo ni nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukibana utapata noti ileile ya uzi mtupu, ila juu kwa oktavu moja. Kama haikubaliani na uzi mtupu ulioutyuni vizuri, gitaa hilo halitaimba sawasawa kamwe mpaka fundi aliguse, na kama kosa ni la freti zenyewe, hata fundi atakushauri uliache. Hapa ndipo sikio la mdogo wangu lilipohukumiwa bila kosa.

Nne, chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipitisha chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Ikiingia kwa kina, daraja limeanza kubanduka. Tano, tofautisha ufa wa vanishi na ufa wa mbao. Wa vanishi ni wa juu juu. Wa mbao ukibonyeza kando yake utaona kingo zinacheza. Na kwa unyevu wetu wa pwani, mbao yenye ufa haitapona yenyewe.

Mkwaruzo, tone la vanishi, kifundo, rangi iliyopauka, hayo yachukue na udai punguzo lako. Sauti inatoka kwenye nyuzi, inapita kwenye daraja, inautikisa ubao wa mbele. Alama ya ubavuni haijui kama muziki unaendelea.

Niliwaambia sijaenda mbali na kazi yangu. Gazeti nalo hutoka kiwandani na kasoro kila siku. Tunakosea majina, tunakosea vyeo, kuna siku nilimpandisha mtu cheo ambacho hakuwa nacho. Siku iliyofuata tukaandika marekebisho, mistari mitatu, ukurasa wa ndani, chini kabisa, herufi ndogo. Mhariri wangu mmoja huziona zile nafasi kama fedheha, anataka ziwe ndogo kadiri inavyowezekana. Siku hizi mimi naziona kama ule muhuri wa 2ND. Ni gazeti linalokwambia: hapa tulikosea, soma ukijua. Gazeti ambalo halijawahi kuandika marekebisho sitalinunua, kwa sababu ileile inayonifanya nisirudi kwenye lile duka la gitaa jeusi.

Nilimjibu mama hivi: "Mama, hiki si kibovu. Kina kovu tu, na wamenionyesha lilipo." Akalitazama tena, akasema mbona hata yeye ana makovu na hakuna aliyempunguzia bei. Nikakosa la kusema.

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha tano. Hakulikimbilia gitaa kama nilivyotegemea. Siku mbili alilipita tu pale sebuleni. Siku ya tatu usiku nikasikia anakwenda freti ya 12, uzi mmoja mmoja, uzi mtupu halafu freti, uzi mtupu halafu freti, nyuzi zote sita. Alikuwa analikagua. Alipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akaanza wimbo ule ule aliouachia njiani miaka minne iliyopita. Bado anakosea sana, nisiwadanganye. Lakini sasa akikosea anajua ni yeye, na kwa hiyo anajua cha kurekebisha.

Naomba kutoa hoja.